Je, Sheria ya Kenya Inanifuata Hadi Tarime?

BARUA

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Isebania.

Mimi ni Mkurya, nina miaka 41, mke mmoja na watoto watatu. Nafanya biashara ya nafaka. Nanunua mahindi na maharagwe upande wa Tanzania na kuyauza Migori na Kisii, kwa hiyo mpaka wa Sirari nauvuka kila wiki, pengine mara mbili kwa siku, na sijawahi kuuona kama kitu cha kunitenga na mtu. Mama yangu mzazi anaishi ng'ambo, Tarime. Baba alipofariki alirudi kwa kaka zake. Wajomba zangu ni Watanzania, mimi ni Mkenya, na wakati wa shida au sherehe hakuna anayeuliza kitambulisho cha mwenzake.

Tatizo ni binti yangu wa kwanza. Ana miaka 12, yuko Gredi ya 6. Mama anataka shule zikifungwa mtoto aende kwake, na Desemba apashwe tohara pamoja na binti za wajomba. Anasema huku Kenya mambo yamekuwa magumu, chifu anazunguka, walimu wanaandika majina ya wasichana, lakini kule hakuna atakayemjua. Ameshanunua leso na mwavuli wa kumsindikizia. Amemwahidi mtamba. Mtoto naye sasa anasema anataka kwenda, maana darasani wapo wenzake wanaomcheka.

Mke wangu ni Mjaluo wa Rongo, kwao hawana desturi hii. Ameniambia, tena kwa sauti ya chini ambayo ndiyo iliyonitisha, kwamba siku mtoto atakapovuka mpaka, siku hiyo hiyo yeye ataenda polisi. Tangu hapo tunalala kama wageni. Mjomba wangu mkubwa anasema mke ndiye anayeniharibia nyumba, na kwamba msichana asiyetahiriwa hataolewa kwa ng'ombe wa maana.

Nikueleze ukweli, roho yangu haitaki. Nilikuwa kijana wakati dada yangu anarudishwa nyumbani. Wanaume mbele wanaimba na kurukaruka na mapanga, noti zimebandikwa kwa pini kwenye leso yake, na yeye katikati anatembea miguu imeachana, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Kila mtu alikuwa anamtazama usoni kuona kama atalia. Mimi nilikuwa natazama vifundo vya miguu yake, palipokuwa na damu iliyokauka. Sijawahi kumwambia mtu.

Lakini mama ni mgonjwa. Presha inampanda, na amesema nikimkatalia hili nisije kumzika.

Sasa swali langu. Mke wangu anasema sheria ya Kenya itanishika hata kama jambo limefanyika Tanzania. Nimemwambia hilo haliwezekani. Sheria ya nchi inaishia pale nchi inapoishia. Nikiendesha gari Tarime nafuata sheria ya Tanzania, na askari wa Tanzania hana habari na makosa ya Migori. Tena mpaka wenyewe hatukuuchora sisi, ulichorwa na Wazungu katikati ya watu wamoja. Je, ni haki serikali iliyoko Nairobi kunifuata hadi kwenye boma la mama yangu mzazi? Mtu akishatoka kwao, si anakuwa chini ya nchi aliyoingia? Nijibu kisheria, lakini unijibu pia kama mtu.

Baba wa watoto watatu, Isebania

JIBU

Ndugu yangu, nianze na la kisheria, maana likizo haiko mbali.

Mke wako yuko sahihi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji ina kifungu cha 28, na ukikisoma utadhani aliyekiandika alikuwa amesimama hapo kwenu Isebania akitazama bodaboda zikivuka. Kinasema hivi: raia wa Kenya, au mtu mwenye makazi ya kudumu Kenya, akitenda nje ya nchi kitendo ambacho kingekuwa kosa la ukeketaji kama kingetendwa ndani ya Kenya, basi ametenda kosa hilo, na mahakama za Kenya zinaweza kumhukumu. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Msichana akifa, adhabu inaweza kuwa kifungo cha maisha.

Najua utakachosema: wembe hutaushika wewe, atashika ngariba wa huko. Basi kuna kifungu cha 21. Kumtoa mtu Kenya na kumpeleka nchi nyingine kwa nia ya kwenda kukeketwa ni kosa linalojitegemea. Siku utakayompakia binti yako kwenye pikipiki ukijua anakokwenda na anachokwendea, kosa limeshatendeka, na limetendeka kwenye udongo wa Kenya kabla hujaliona hata geti la Sirari. Hapo hatuzungumzi tena habari ya sheria kukufuata ugenini. Ulikuwa nayo tangu ulipofunga mlango wa nyumba yako. Na hilo la mtoto kukubali halitakusaidia, kwa sababu sheria imetamka wazi kwamba ridhaa ya msichana si utetezi. Mtoto wa miaka 12 aliyeahidiwa mtamba na kuchekwa darasani hajakubali kitu, amechoka tu kuchekwa.

Kuhusu mkeo, nataka ujue jambo ambalo huenda yeye mwenyewe hajakwambia. Kifungu cha 24 kinasema mtu anayejua kwamba ukeketaji unapangwa, asiripoti, naye ana kosa. Mke wako akinyamaza ili akulinde, anaweza kusimama kizimbani pamoja nawe. Kwa hiyo anaposema ataenda polisi usisikie uadui. Amekuonya mapema, uso kwa uso, wakati bado unaweza kusema hapana na mambo yakaisha.

Sasa twende ng'ambo, maana mama yako amedhani kule ni huru, na amekosea. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 169A kilichoongezwa mwaka 1998, inasema mtu mwenye dhamana ya mtoto aliye chini ya miaka 18 akisababisha mtoto huyo akeketwe, atafungwa miaka isiyopungua 5 na isiyozidi 15, au atatozwa faini, au vyote viwili. Mwenye dhamana ya mtoto aliyekuja likizo kwa bibi ni nani? Ni bibi. Wewe utakuwa umerudi dukani kwako Isebania unapima mahindi, na atakayelala mahabusu Tarime ni mama mwenye presha. Msomee maneno haya kama yalivyo. Naamini hakuna mtu aliyewahi kumsomea.

Hata wajomba zako wasidhani wanaweza kugeuza njia na kuwaleta mabinti zao Kenya kimyakimya. Kifungu cha 6 cha Kanuni hiyo hiyo ya Tanzania kinazipa mahakama zake uwezo juu ya kosa lolote la Kanuni hiyo lililotendwa na raia wa Tanzania mahali popote nje ya nchi. Kwa jambo hili upana wake ni mkubwa kuliko wa Kenya, maana Kenya huwafuata raia wake kwa makosa machache iliyoyataja, kama ukeketaji na makosa ya kingono. Na Aprili 2019, Mombasa, mawaziri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walitia saini tamko la kupambana na ukeketaji wa kuvuka mipaka. Mchezo ambao familia yako inataka kuucheza unajulikana vizuri, na ndio uliowakutanisha pale.

Basi kisheria umepata jibu lako. Lile la haki ndilo naona limekukaa rohoni zaidi, na ninalichukua kwa uzito kwa sababu halijakaa kijinga.

Katika mambo mengi niko upande wako. Mtu akienda ugenini afuate sheria za wenyeji, na kwao wamwache apumue. Kanada iliporuhusu bangi mwaka 2018, serikali ya Korea Kusini iliwakumbusha raia wake walioko huko kwamba wakivuta wanaweza kuadhibiwa wakirudi nyumbani. Mimi bangi siipendi, lakini sioni serikali inapata wapi haja ya kumchunguza mtu mzima alichovuta Toronto, mahali kinaporuhusiwa, bila kumdhuru mtu. Ukifungua mlango huo, mtawala yeyote asiyependa wanachosema raia wake au wanavyoabudu atawafuata hadi mwisho wa dunia. Wapo Waafrika wengi walioko nje wanaolijua hilo kwa machungu, maana neno waliloliandika wakiwa Ulaya limewangoja uwanja wa ndege wa kwao.

Tena kuna kesi moja ya Ireland ambayo kila ninapofikiria suala hili inanirudia. Mwaka 1992 msichana wa miaka 14 alibakwa akapata mimba. Wazazi wake waliamua kumpeleka Uingereza ili itolewe. Kwao Ireland utoaji mimba ulikuwa marufuku. Mwanasheria Mkuu akaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikatoa amri msichana yule asitoke nchini kwa miezi tisa. Fikiria hiyo amri ilimaanisha nini kwa mtoto wa umri huo. Mahakama ya Juu iliiondoa wiki chache baadaye, na Novemba mwaka huo huo wananchi wa Ireland walipiga kura kuweka kwenye katiba kwamba uhuru wa kusafiri hauwezi kuzuiwa kwa sababu hiyo. Wewe na mimi tunaweza kutofautiana juu ya mimba, na wasomaji wengi wa safu hii watatofautiana nami. Lakini pale sheria ilitaka kuvuka bahari ili kumbana mtoto aliyekwisha kuumizwa. Hiyo naikataa.

Sasa linganisha na jambo lililotokea Bomet, si mbali sana na kwenu. Tangu mwaka 2008 Mmarekani mmoja kutoka Pennsylvania aliendesha huko kituo cha watoto yatima. Mwaka 2017, habari za wasichana aliowanajisi zilipoanza kutoka na vyombo vya dola kumtafuta, alipanda ndege akarudi kwao. Kwa hoja yako, ndugu yangu, mambo yangeishia hapo. Kosa lilitendeka Kenya, Kenya haina mkono Pennsylvania, na Marekani haikuhusika na yaliyotendeka Bomet. Lakini Marekani ina sheria inayomfuata raia wake anayekwenda kudhuru watoto nje ya nchi. Walimshtaki huko huko kwao, mwaka 2020 akakiri makosa manne, na Februari 2021 akafungwa miaka 15 na miezi 8. Sijamsikia Mkenya hata mmoja aliyesema Marekani imevuka mpaka wake. Tulisema asante. Tulisema wale wasichana hatimaye wamepata wa kuwasimamia.

Kama tulifurahi sheria ya Marekani ilipomfuata Mmarekani hadi Bomet kwa ajili ya watoto wetu, kwa nini sheria ya Kenya isimfuate Mkenya hadi Tarime kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe?

Ninachoangalia mimi ni nani analindwa na nani anabanwa. Mtu mzima anayejichagulia jambo lake, mahali linaporuhusiwa, aachwe. Lakini mtu anapombeba mwingine asiyeweza kukataa na kumvusha makusudi hadi mahali anapodhani hakuna jicho, ili amfanyie lile ambalo nyumbani lingezuiwa, hapo ni lazima sheria ya nyumbani iende naye. Mtoto yule hakuacha haki zake kwenye kibanda cha uhamiaji. Katiba ya Kenya, ibara ya 53, inampa haki ya kulindwa dhidi ya mila zenye madhara, na ibara ya 44 inasema hakuna mtu atakayemlazimisha mwenzake kufuata mila au kupitia tambiko. Amezipata kwa kuzaliwa. Akienda kwa bibi yake anakwenda nazo.

Umesema mpaka ulichorwa na Wazungu. Ni kweli, mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari kutoka pwani, mto Umba, hadi Ziwa Viktoria, na Wakurya hawakuulizwa. Ni dhuluma, na sitakuambia uisahau. Lakini itazame hoja yako vizuri. Unasema mpaka si kitu, ninyi ni ukoo mmoja, chungu kimoja. Basi kwa nini mama anamtaka mtoto upande wa pili? Angeweza kuja yeye Isebania na ngariba wake. Si kwamba anamtaka mtoto huko kwa sababu mpaka si kitu. Anamtaka huko kwa sababu anaamini mpaka ni ukuta ambao chifu na mkeo hawawezi kuuruka. Mnaukana mpaka mnapozungumza habari za undugu na mnajificha nyuma yake mnapozungumza habari za wembe. Yote mawili hayawezi kuwa kweli kwa wakati mmoja, na mtoto ndiye anayelipa tofauti.

Na usidhani mambo haya huzikwa. Mwaka 2006 mtoto wa kike wa miaka 3, raia wa Uingereza, aliletwa Kenya na kukeketwa. Mwanamke aliyemleta alirudi naye na maisha yakaendelea. Mtoto akakua. Alipofika miaka 16 alimweleza mwalimu wake. Oktoba 2023 mahakama ya London ilimtia yule mwanamke hatiani kwa kusaidia kitendo kilichofanywa Kenya miaka 17 nyuma, na Februari 2024 alifungwa miaka 7. Aliieleza mahakama kwamba alishinikizwa na kutishiwa na watu wa jamii yake. Huenda ilikuwa kweli, na haikumwokoa. Nakuomba ufikirie zaidi habari ya yule mtoto, kwamba alibeba jambo hilo miaka yote hiyo na siku moja akaamua nani wa kumwambia. Binti yako naye atafika miaka 16. Wewe mwenyewe umebeba vifundo vya miguu vya dada yako hadi leo.

Kuna sehemu moja ninayokubali kwamba ni ngumu, na sitaki kuiruka. Tanzania inamlinda msichana hadi miaka 18 tu. Kenya inakataza kwa kila mwanamke, wa umri wowote. Kwa hiyo mwanamke wa Kenya wa miaka 22, aliyeolewa, akivuka kwa hiari yake kwenda kutahiriwa Tarime, Mkenya anayemsindikiza anaweza kushtakiwa Kenya ingawa kule Kanuni ya Adhabu haijamgusa. Je, hapo tunamwachia mtu mzima mwili wake? Daktari mmoja aliipeleka hoja hiyo Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2017, na Machi 2021 majaji watatu waliikataa. Mimi nakubaliana nao, kwa sababu najua hiari ya mke anayeambiwa hawezi kumfungulia geti mgeni wala kuketi na wanawake wenzake mpaka akatwe ina uzito gani. Lakini anayebisha hapo ana jambo la kusema, na ningemsikiliza. Binti yako ana miaka 12. Hayuko kwenye mjadala huo.

Nikiri pia udhaifu wa sheria yenyewe. Hufika ikiwa imechelewa. Ushahidi uko nchi nyingine, mashahidi ni shangazi na wajomba, na polisi wa Migori hawezi kuingia Tarime na pingu zake, anangoja urudi. Na naona mara nyingi wanaoburutwa kortini ni ngariba, mama na bibi, huku wazee wa inchama, baraza la jadi la Wakurya, waliotangaza msimu wakiwa wameketi chini ya mti. Hilo linanikera sana. Lakini ni sababu ya kuisimamia sheria vizuri zaidi, na wala si sababu ya kuiambia iishie Sirari.

Tuje sasa kwa mama, maana najua kwenye hili sheria yote niliyokusomea haitakupa usingizi.

Nenda Tarime kabla shule hazijafungwa, na usimpeleke mtoto. Keti naye mkiwa wawili kwanza, wajomba baadaye. Jambo la kwanza litoke kinywani mwako: "Mama, nimekataa mimi." Usiseme mke hataki, usiseme serikali ya Kenya haitaki. Ukimtanguliza mkeo utampa mjomba wako fimbo ya kumpigia mwanamke huyo maisha yake yote. Wewe ni mwana wake na baba wa mtoto, na neno la kukataa ni lako kulitamka. Kisha mweleze kuhusu miaka 5 hadi 15, na umweleze kwamba unaogopa kumwona akikamatwa. Halafu, ukiweza, mwambie ulichokiona siku dada yako alipoletwa nyumbani. Umeniambia mimi, mgeni kwako. Yeye ni mama wa msichana yule.

Kuhusu kutomzika, najua neno hilo lilivyo zito. Lakini limesemwa na mama mgonjwa anayeogopa kwamba ukoo utamcheka na kwamba mjukuu wake atakosa mume. Mjibu hofu hiyo. Wakurya wengi leo wameoa wanawake wasiotahiriwa, wewe mwenyewe ukiwa mmoja wao, na nyumba yako imesimama. Nchini Kenya kwa ujumla, mwaka 2014 wanawake 21 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Dunia atakayoolewa binti yako inazidi kujaa wanawake kama mama yake. Na mtamba usikataliwe. Binti anamaliza Gredi ya 6 na anafanya mtihani wa KPSEA. Mwombe bibi ampe mtamba huyo kwa ajili hiyo, leso avishwe siku hiyo, watu wapate kula na kuimba hapo Isebania mbele ya macho yako. Kama mama anaweza kusafiri, mlete akae kwenu Desemba nzima, apelekwe kliniki ya presha. Akiwa kwako, hakuna atakayemwita mtoto kule kwa jina la bibi.

Mjomba akiendelea kumtukana mkeo au kukucheka kwa kumwoa, ujue kifungu cha 25 cha sheria ya Kenya kinamgusa mtu anayemdhihaki mwanamke asiyekeketwa au mwanamume aliyemwoa, kwa kifungo kisichopungua miezi 6 au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Sikushauri uanzie hapo. Nataka tu ujue kwamba aliye upande mbaya wa sheria si wewe.

Leo usiku zungumza na mkeo. Mwambie umeamua, ili asiendelee kuhesabu siku peke yake. Kisha kesho nendeni pamoja shuleni mkamwone mwalimu mkuu, mumweleze kwamba mtoto haruhusiwi kuchukuliwa na ndugu yeyote isipokuwa ninyi wawili, kwa maana wajomba wakikuona umelegea wanaweza kumchukua bila wewe. Ikitokea amevushwa, msisubiri kikao cha ukoo. Mmoja aende polisi Isebania, mwingine avuke moja kwa moja hadi dawati la jinsia na watoto la polisi Tarime. Huko wilayani kuna pia kituo cha Masanga kinachowahifadhi wasichana wakati wa msimu.

Na binti yako aambiwe na wewe, baba yake. Mwambie hatakwenda, mwambie ni kwa nini, mwache alie kama atalia kwa ajili ya marafiki na zawadi. Mfundishe namba 116 aijue kwa kichwa. Ni simu ya kusaidia watoto, inapigwa bure, na inafanya kazi Kenya na Tanzania pia.